Kasi kwa Upepo Upi?

Maongezi ya leo ni ya vijana, lakini wazee msiondoke, kwa sababu katikati yake mna merikebu na pepo, na mbele kidogo mna M-Pesa.

Hapa kwetu Shella, Malindi, jioni vikombe vya kahawa vikizunguka, siku hizi husikii ubishi wa mpira peke yake. Utasikia vijana wawili wanaoandika programu za kompyuta, mmoja anasema, "Yangu ina mbio mara mbili ya yako." Mwenzake anajibu, "Juzi nimezipima zote mbili, yako imeachwa mbali." Kila mmoja anatoa simu, anaonyesha namba. Hakuna anayedanganya. Wamepima kweli, na namba wamezipata kweli. Tabu ni kwamba hakuna kati yao anayeweza kukueleza namba yake inahusu nini hasa: programu, laptopu, joto la chumba, au saa ya siku.

Mimi nadai hivi: namba ya kasi isiyotaja hali iliyopimiwa ni nusu ya namba, na nusu hiyo afadhali isingekuwepo, kwa maana watu huitumia kuamua mambo. Watu hununua simu kwa namba hizo. Ofisi hununua mifumo. Mwenye duka huitupa programu iliyokuwa ikimtumikia vyema akachukua nyingine, kisa ameonyeshwa jedwali lenye rangi.

Tuseme kijana mmoja ameandika programu inayosoma mauzo ya mwaka mzima ya duka la jumla na kutoa hesabu ya kila mwezi. Sasa ameiandika upya, na anataka kujua kama hii mpya inaipita ya zamani. Ni Februari, saa nane mchana, chumba cha juu, mabati yanatema moto. Anaendesha ya zamani mara kadhaa mfululizo: sekunde 38, 38, 39, 40. Halafu anaendesha mpya: sekunde 44, 45, 45, 46. Anafunga laptopu kwa hasira, na kazi aliyoikesha anaitupa.

Kilichotokea ni hiki. Prosesa, ile sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu zote, haina mwendo mmoja. Ikiwa imepoa, huruhusiwa kukimbia kupita kiwango chake cha kawaida kwa muda mfupi. Ikipata moto, ikakaribia nyuzi 100 za Selsiasi huko ndani, hujipunguza yenyewe isije ikaungua. Feni ya laptopu nayo haizalishi baridi. Inapitisha hewa ya chumbani tu, na hewa ya chumbani Malindi mwezi huo imeshapita nyuzi 30. Kwa hivyo programu iliyotangulia ilikimbia kwenye mashine iliyopoa, na iliyofuata ikarithi moto wa mwenzake. Angeanza na mpya, basi ya zamani ndiyo ingeonekana goigoi. Kijana amepima zamu, hakupima programu.

Na hapo stima ipo. Ikikatika, na mwajua jinsi ilivyo huku kwetu, laptopu huhamia kwenye betri, na laptopu nyingi zikiwa kwenye betri hupunguza mwendo ili chaji idumu. Stima ikirudi, zinapanda tena. Katika vipimo kumi, vinne vinaweza kuwa vya betri na sita vya umeme wa ukutani, na karatasini vyote vimeandikwa kwa wino mmoja. Ongeza Windows inayoshusha masasisho yake kimyakimya, kinga ya virusi inayokagua mafaili, na kivinjari chenye kurasa arobaini ambazo mwenyewe ameshazisahau.

Sasa wazee, zamu yenu imefika. Mji huu una ushahidi wa jambo hili tangu mwaka 1498. Aprili ya mwaka huo merikebu tatu za Vasco da Gama zilitia nanga Malindi. Sultani wetu, aliyekuwa na ugomvi wake na Mombasa, akawapokea vizuri na kuwapa rubani aliyeijua bahari. Kuna hadithi kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid mwenyewe. Wanahistoria wengi wa leo hawaikubali, na mimi sitaigombania. Wakang'oa nanga tarehe 24 Aprili, upepo wa kusi ndio unaanza kushika. Baada ya siku 23 hivi wakaiona pwani ya India.

Tuchukulie kuna karani ndani ya merikebu aliyeandika: kasi ya chombo hiki, Malindi hadi India, siku 23. Ni kipimo sahihi. Hakuna aliyekosea kuhesabu. Lakini safari ya kurudi waliianza kwa haraka, bila kungoja upepo wa kaskazi. Tarehe 5 Oktoba waliiacha pwani ya India, wakati wa maleleji, upepo ukiwa mara upo mara haupo, mara unakupiga usoni. Pwani ya Afrika waliiona Mogadishu tarehe 2 Januari 1499. Karibu miezi mitatu. Bahari ni ile ile, merikebu ni zile zile, manahodha ni wale wale. Njiani kiseyeye kiliua mabaharia wapatao 30, na walipokwisha pita Malindi wakielekea kusini ilibidi waiteketeze kwa moto merikebu ya São Rafael, kwa sababu mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vyote vitatu.

Kwa hivyo ile namba 23 ilikuwa ya nini? Ilikuwa ya merikebu pamoja na kusi pamoja na rubani. Ukiiondoa kusi, namba inavunjika. Baharia yeyote wa Lamu au Malindi wa zama hizo, ukimwambia chombo fulani kinafika India kwa siku kadhaa, angekuuliza kwanza: kwa upepo upi? Nashangaa kuwa swali hilo, ambalo nahodha wa jahazi aliliuliza bila kusoma chuo kikuu, leo halimjii mtu mwenye shahada anapoletewa jedwali la kasi ya programu.

Basi mpimaji afanye nini? La kwanza ni kutafuta mahali pa utulivu. Na hili nalo Malindi ina mfano wake, ule uliosimama baharini pale Ngomeni. Waitaliano walijenga majukwaa yao ya San Marco huko miaka ya 1960, na tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi ya Scout ikarusha kutoka hapo chombo cha Wamarekani kilichopewa jina Uhuru. Kilikuwa chombo cha kwanza kutumwa angani mahsusi kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Msimamizi wa mradi upande wa NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, na kiongozi wa kundi la wanasayansi alikuwa Riccardo Giacconi, ambaye mwaka 2002 alipata Tuzo ya Nobeli.

Kwa nini waje mpaka Ngomeni, na Florida wanayo? Roketi ikirushwa karibu na ikweta inapata msukumo wa mzunguko wa dunia, hilo ni kweli. Lakini ilikuwapo pia sababu nyingine inayotuhusu leo. Juu ya Atlantiki ya Kusini kuna eneo ambapo chembe zenye nguvu zilizonaswa na sumaku ya dunia hushuka chini kuliko kwingineko. Chombo kikipita humo, kifaa cha kuhesabu miale kinaanza kuhesabu takataka. Chombo kinachozunguka juu ya ikweta, na Uhuru ulizunguka kwa mwinamo wa nyuzi 3 tu, hulikwepa eneo hilo kwa sehemu kubwa. Yaani kabla ya kupima chochote walishapunguza kelele kwa kuchagua njia ya kupita. Ndipo wakaweza kuona kwamba kitu kinachoitwa Centaurus X-3 kinapiga mdundo mmoja kila baada ya sekunde 4.8. Mdundo kama huo ukiuzamisha kwenye kelele, huupati tena hata uwe na hesabu za namna gani.

Mtu wa Shella hana roketi, lakini alfajiri anayo. Baada ya swala, chumba kimepoa, laptopu imechomekwa ukutani, mpangilio wa kubana chaji umezimwa, intaneti imefungwa, programu nyingine zote zimefungwa. Kama mashine inaruhusu, prosesa ifungwe kwenye mwendo mmoja isipande wala isishuke. Na muda upimwe kwa ile saa ya ndani ya kompyuta isiyorekebishwa, kwa sababu saa ya kawaida ya kompyuta husawazishwa na mtandao, na ikirudishwa nyuma katikati ya kipimo utaambiwa kazi imekwisha kabla haijaanza.

Kelele haiishi, hata hivyo. Inapungua tu. Inayobaki ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa huioni. Na dawa yake ni bahati nasibu.

Najua wengine mmeshtuka: bahati nasibu kwenye kazi ya kitaalamu? Twendeni Kilifi mjini. Pale pana kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanzishwa mwaka 1989. Daktari Kathryn Maitland wa kituo hicho aliongoza utafiti uitwao FEAST, uliofanyika kwenye hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi ikiwemo. Swali lilikuwa hili: mtoto akiletwa na homa kali na dalili za mshtuko, mwili umepoa mikono na miguu, moyo unakwenda mbio, je, amiminiwe maji mengi kwa haraka kwenye mshipa? Miongozo ilisema ndiyo. Madaktari waliamini hivyo, na walikuwa wakiwaona watoto wakipata nafuu baada ya dripu.

Watafiti hawakuridhika na kuona. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa maji ya haraka, wengine hawakupewa. Daktari hakuchagua nani aingie wapi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalitikisa dunia ya tiba: ndani ya saa 48, katika makundi mawili yaliyopewa maji ya haraka walikufa asilimia 10.6 na 10.5, katika kundi lisilopewa walikufa asilimia 7.3. Utafiti ulisimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyopangwa. Jambo lililoonekana kusaidia lilikuwa likiua.

Kwa nini kuona kulidanganya? Kwa sababu mtoto anayepata nafuu baada ya dripu, hujui angekuwaje bila dripu. Unahitaji mwingine wa kumlinganisha naye, na unahitaji kwamba kilichowatenganisha kiwe sarafu, kisiwe mkono wa mtu mwenye matumaini. Kwenye programu hakuna roho zinazotoka, alhamdulillahi, lakini mantiki ni ile ile. Kijana wetu asiendeshe ya zamani zote kisha mpya zote. Afanye raundi, ishirini au thelathini. Kila raundi programu zote mbili zinakimbia, na sarafu ndiyo inaamua nani atangulie. Joto likipanda, linazipandia zote. Stima ikiyumba, inaziyumbia zote. Kisha alinganishe ndani ya kila raundi.

Na kabla ya yote hayo afanye jambo moja ambalo wengi huliona la kipuuzi: aishindanishe programu na nafsi yake. Aiite ya zamani "kwanza" na aiite tena ya zamani "pili", apime kana kwamba ni mbili. Akikuta "pili" imeishinda "kwanza" kwa asilimia 4, ameshajua kimo cha kelele ya mashine yake. Hapo akija kuniambia programu mpya imeongeza kasi kwa asilimia 3, namwambia anywe kahawa yake. Tukimrudia kijana wa mabati: akirudia vipimo alfajiri kwa utaratibu huu akakuta mpya ni sekunde 39 hadi 43 na ya zamani ni 40 hadi 44, jibu la haki ni kwamba bado hajui. Jibu hilo ni gumu kulitoa mbele ya watu. Hakuna mteja anayelipa kwa kuambiwa "bado sijui", na ndiyo maana hulisikii mara nyingi.

Sasa msidhani haya ni matatizo ya chumba cha mabati peke yake. Mwaka 2009 watafiti wanne, Todd Mytkowicz, Amer Diwan, Matthias Hauswirth na Peter Sweeney, walitoa waraka uliowatia wenzao baridi. Kompyuta za aina ya Unix, kabla ya kuanzisha programu, huikabidhi fungu la maandishi madogo: jina la mtumiaji, folda anamofanyia kazi, na mengineyo kama hayo. Mara nyingi programu yenyewe haiyatumii. Watafiti hao walionyesha kwamba kubadilisha ukubwa wa fungu hilo tu kunasogeza mahali data inapokaa kwenye kumbukumbu, na kusogea huko kunatosha kugeuza jibu: uboreshaji ulioonekana kuongeza kasi unaonekana kuipunguza. Fikirini. Watu wawili, mashine moja, programu moja, mmoja jina lake refu na mwingine fupi, na kila mmoja anaapa. Wakapitia makala 133 za kitaalamu zilizochapishwa kwenye mikutano mikubwa, na hawakupata hata moja iliyoshughulikia tatizo hilo ipasavyo. Dawa waliyopendekeza? Badilisha hali makusudi, kwa nasibu, upime katika hali nyingi, using'ang'anie moja.

Kuna mitego mingine, nitaigusa kwa haraka. Mara ya kwanza programu inaposoma faili hulisoma kutoka diski. Mara ya pili inalikuta limeshakaa kwenye kumbukumbu, na kasi inaruka. Lugha kama Java na JavaScript huanza polepole, kisha mashine inajifunza sehemu zinazorudiwa na kuzitengeneza upya zikimbie. Desturi ilikuwa kutupa vipimo vya mwanzo na kuamini vinavyofuata. Mwaka 2017 kundi la King's College London likapima kwa subira kubwa, likakuta kwamba chini ya nusu ya majaribio yao ndiyo yaliyotulia kila mara kwenye kasi ya juu; mengine yalipunguza kasi kadiri yalivyoendelea, mengine hayakutulia kamwe. Na kuna mtego unaonichekesha: unaandika hesabu kubwa ili kuipima, lakini jibu lake hulitumii popote. Kompaila, ile inayogeuza maandishi ya programu kuwa amri za mashine, inaona jibu halina mwenyewe, inaifuta kazi yote. Saa inasema sufuri. Mtu anatoka mbio barazani kutangaza kwamba amevunja rekodi.

Hayo ni makosa ya watu wenye nia njema. Wako pia wenye nia nyingine. Mwaka 1988 makampuni ya kompyuta yaliunda chama kiitwacho SPEC ili vipimo viwe vya pamoja na vya haki. Kati ya vipimo vya kwanza kilikuwemo kimoja kiitwacho matrix300. Haukupita muda waandishi wa kompaila wakajua namna ya kukibana hicho kimoja mpaka namba zikapaa, na kompyuta ile ile kwenye kazi za watu ikabaki vile vile. SPEC ikakiondoa. Mkidhani ni mambo ya kale, mwaka 2024 chama hicho hicho kiliweka alama ya onyo kwenye matokeo zaidi ya 2,600, baada ya kuona kompaila ya Intel ilikuwa na uboreshaji uliolenga kipimo kimoja mahsusi. Na kwenye simu, ambazo ndizo kompyuta za wengi wetu, mwaka 2013 tovuti ya AnandTech iliripoti kwamba Samsung Galaxy S4 iliyatambua majina ya programu fulani za kupimia, na ikiziona inafungua mwendo ambao michezo ya kawaida haikuupata. Kampuni ilikana kuwa nia ilikuwa kudanganya. Mimi nasema ukinunua simu kwa namba ya kipimo, umenunua simu inayojua kufanya mtihani.

Nilikuahidini M-Pesa. Huduma hii ilianza Machi 2007, na kwa miaka mingi seva zake zilikuwa Ujerumani, mpaka zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Kampuni zenye huduma za namna hii hupenda kutangaza mfumo wao unabeba miamala mingapi kwa sekunde. Ni namba ya maana kwa mhandisi. Kwa mama mwenye kioski pale karibu na soko la zamani, haina maana hata kidogo. Yeye anataka kujua mteja wake atasimama mbele yake kwa muda gani akingoja ujumbe uingie.

Hapa wastani ndio mwongo mkubwa. Miamala 99 ikijibiwa kwa sekunde 0.2, na mmoja ukajibiwa kwa sekunde 20, wastani ni chini ya sekunde 0.4. Hakuna mteja aliyesubiri sekunde 0.4. Wapo walioona haraka, na yupo aliyesimama huku akitazamwa kama tapeli. Ndiyo maana wapimaji waangalifu hawaulizi wastani. Wanauliza wale waliosubiri kupita wote, mmoja katika mia, mmoja katika elfu, walingoja kiasi gani. Na mtu anayefanya miamala mingi kwa siku, huyo mmoja katika mia atakuwa yeye kabla ya adhuhuri.

Hata hapo kuna udanganyifu uliojificha, ambao mhandisi Gil Tene wa kampuni ya Azul amezunguka duniani miaka mingi akiueleza. Programu nyingi za kupimia hutuma ombi, zikangoja jibu, ndipo zikatuma jingine. Tuseme wateja halisi huja mmoja kila sekunde mbili. Mfumo ukaganda dakika moja. Programu ya kupimia imeganda nayo, inangoja, na mwisho inaandika kipimo kimoja kibaya: sekunde 60. Lakini ndani ya dakika hiyo wangekuja watu 30, wa kwanza akangoja dakika nzima, aliyefuata sekunde 58, na kuendelea hivyo. Hao 29 wengine hawamo kwenye karatasi. Mpimaji amekuwa na adabu kuliko wateja: mfumo ulipochoka, naye alinyamaza. Namba zake zitakuwa nzuri siku ile ile ambayo kaunta ilijaa matusi.

Na kipimo kilipimiwa wapi? Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, TEAMS na SEACOM, intaneti yetu ilipitia setilaiti zilizoko kilomita 35,786 juu. Kwenda, kurudi na jibu, mwanga wenyewe unakula karibu nusu sekunde, hata seva iwe hodari vipi. Waya uliifuta sehemu kubwa ya hiyo. Ila Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, watu wa pwani nzima walikumbushwa kwamba kasi ya programu wanayoipenda ilikuwa pia kasi ya waya uliolala baharini. Anayepima mfumo akiwa amekaa chumba kimoja na seva huko Nairobi, kwenye kiyoyozi, hajapima kitu ambacho mtu wa Shella atakiona kwenye simu yake ya bei nafuu, laini ikiwa na vijiti viwili.

Kwa hivyo mwenye duka, akija muuzaji wa mfumo na jedwali lake, usimfukuze. Mkaribishe Jumamosi jioni, watu wakiwa wengi, apime kwenye simu yako, kwa laini yako, na feni yako mbovu. Muda ahesabu tangu mteja alipofika kaunta, asihesabu tangu mfumo ulipokubali kumsikiliza. Aandike tarehe, saa, kifaa, mtandao, na yule aliyengoja kupita wote. Akikuambia jioni hiyo haifai kwa sababu mtandao una msongamano, mwambie ndiyo jioni unayouza.

Muda wangu umekwisha. Kuna msikilizaji wa Watamu aliyeandika kuuliza kama kuweka laptopu juu ya sahani ya barafu kunasaidia vipimo. Bwana, barafu itayeyuka katikati ya raundi, mvuke utaingia kwenye mashine, na utakuwa umeongeza upepo mwingine wa kuuandika. Tumia stuli iliyo wazi chini, hewa ipite. Maswali mengine tutayajibu wiki ijayo, inshallah.